Kuagiza spea za elektroniki kutoka China wakati wa mlipuko wa ugonjwa: njia nne na ipi ya kuamini

Chipu ya nusu dola iliyokwama ghalani Guangzhou ni ghali kuliko ya dola tatu iliyo mezani kwako. Mafundi wa Luthuli Avenue na Kariakoo waliligundua hilo mwaka 2020, na wanafunzi wa uhandisi waliokuwa na miradi ya mwisho wa chuo pia. Hapa tunazipima njia nne zinazotumika zaidi kuleta spea Afrika Mashariki: posta ya bei nafuu kupitia AliExpress, duka la mtandaoni la LCSC la China kwa usafirishaji wa haraka, wasambazaji rasmi kama Mouser na Digi-Key, na mawakala wa mizigo wa Guangzhou. Mfano wetu ni UVIKO-19 kwa sababu uliziweka zote nne majaribuni kwa wakati mmoja. Mengi ya hapa yatahusu pia mlipuko mwingine wowote utakaofunga mipaka.

Kwanza ujue mzigo ulikwama wapi. Wuhan ilifungwa 23 Januari 2020, siku mbili kabla ya Mwaka Mpya wa Kichina. Viwanda vilikuwa vimeshafungwa kwa sikukuu na wafanyakazi wameshakwenda kwao mikoani, kisha likizo ikaongezwa. Katika mkoa wa Guangdong, uliko mji wa Shenzhen, kampuni nyingi hazikuruhusiwa kurudi kazini kabla ya 10 Februari. Kwa hiyo uchelewaji wa kwanza ulikuwa kwa muuzaji mwenyewe: oda imelipiwa, lakini hakuna mtu wa kuifunga.

Uchelewaji wa pili ulikuja China ilipoanza kupata nafuu, na huo ndio uliouma zaidi kwetu. Takriban nusu ya mizigo ya anga duniani husafiri tumboni mwa ndege za abiria. Kenya ilisitisha safari za kimataifa za abiria 25 Machi 2020 na kuzirudisha 1 Agosti. Entebbe ilisubiri hadi 1 Oktoba. Tanzania ilifunga katikati ya Aprili na kufungua 18 Mei. Ndege za mizigo ziliendelea kutua, lakini nafasi ilikuwa finyu na waliotangulia ni wenye barakoa, vifaa vya hospitali na wateja wanaolipa bei ya juu. Mfuko wa posta wenye rezista zako ulikuwa mkiani.

Posta kupitia AliExpress

Siku za kawaida njia hii ni ya thamani kubwa, hasa kwa moduli ndogo ambazo hakuna pengine pa kuzipata kwa bei ile. Wakati wa mlipuko usiitumie kwa kitu chochote chenye tarehe: kazi ya mteja, mradi wa chuo, mashine iliyosimama.

Ukilazimika kuitumia, isome namba ya kufuatilia kabla hujaiamini. Namba ya posta ya kimataifa ina herufi mbili, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi. Herufi ya kwanza hutaja huduma: R ni rejista, E ni EMS, yaani posta ya haraka, L ni kifurushi kidogo kinachofuatiliwa. Inayoanza na U haifuatiliwi tena ikishatoka nchi ilikotumwa, na wakati wa mlipuko huko ni kutupa karata gizani.

Tarakimu ya tisa ni ya ukaguzi, na unaweza kuihakikisha kwa kalamu na karatasi. Zidisha zile nane za mwanzo kwa 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9 na 7 kwa mpangilio huo, jumlisha, gawanya kwa 11, kisha toa baki kutoka kwenye 11. Ukipata 10, tarakimu ya ukaguzi ni 0. Ukipata 11, ni 5. Chukua 12345678: jumla ni 204, baki ni 6, na 11 kutoa 6 ni 5. Basi 123456785 ni namba halali kwa muundo. Muuzaji akikupa namba ya muundo huo isiyopita hesabu hii, amekuandikia chochote ili oda ionekane imetumwa. Omba namba nyingine siku hiyo hiyo.

Jambo jingine: taarifa kwamba mzigo umekabidhiwa kwa shirika la ndege haimaanishi umepaa. Mwaka 2020 mifuko ilikaa wiki nyingi katika hali hiyo hiyo, na wanunuzi wengi walihesabu siku wakidhani iko angani. Hesabu yako ianzie pale inapoonekana imepokelewa Nairobi au Dar es Salaam.

Linalowagharimu watu pesa kabisa ni kuisha kwa muda wa ulinzi wa mnunuzi. Iandike tarehe yake kwenye simu, na kengele ilie siku tano kabla. Kengele ikilia na mzigo haujafika, mwombe muuzaji aongeze muda. Asipoongeza ndani ya siku mbili, fungua dai. Usilifunge dai kwa ahadi kwamba atatuma tena au atarudisha pesa pembeni. Dai likishafungwa na muda ukaisha, huna pa kushika.

LCSC na usafirishaji wa haraka

Kwa spea tupu, yaani rezista, kapasita, diodi, regyuleta na mikrokontrola, hii ndiyo njia tunayoipa alama za juu kwa mtu wa kawaida. Kila aina hufika katika mfuko wake wenye jina la mtengenezaji na namba kamili ya spea. Hilo si dogo. Ukipokea transista kumi katika mfuko usio na maandishi, umepokea swali.

Gharama yake ni usafiri. DHL na FedEx hulipisha kwa uzito halisi au kwa ujazo, ule ulio mkubwa. Ujazo hupatikana kwa kuzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha kugawanya kwa 5000. Boksi la 30 × 25 × 20 lenye gramu 900 za spea linahesabiwa kilo 3. Mwanzoni mwa Aprili 2020 kampuni hizi ziliongeza ada ya dharura juu ya bei ya kila kilo, kwa hiyo kila sentimita ya hewa ndani ya boksi ililipiwa mara mbili. Usichanganye hitsinki (vipoza joto), visanduku vya plastiki na spea ndogo katika oda moja. IC (chipu) chache zichague za mkanda uliokatwa badala ya mrija mrefu. Bodi za saketi kutoka kiwanda cha JLCPCB, ambazo huanzia tano kwa oda, zina uzito kuliko zinavyoonekana: bodi ya unene wa milimita 1.6 yenye sentimita 10 kwa 10 hukaribia gramu 30, maana yake tano ni gramu 150. Mradi ukikubali unene wa milimita 1.0, umepunguza zaidi ya theluthi.

Njia bora ni kuagiza kwa kikundi. Watu wanne au watano wakiunganisha oda, ankara ikatoka kwa jina na PIN au TIN ya mmoja, usafiri wa kila mtu unashuka sana. Gawaneni gharama ya usafiri kwa gramu, si kwa thamani ya spea, la sivyo mwenye chipu nyepesi za bei kubwa atamlipia mwenye koili nzito. Kubalianeni kabla ya kulipa: spea moja ikiisha ghalani, oda iondoke bila hiyo. Oda nzima kusubiri kapasita ya senti mbili ndiyo ajali ya kawaida kabisa ya kikundi.

Na kapasita hizo ziliisha kweli. Machi 2020 Malaysia na kisiwa cha Luzon huko Ufilipino vilifungwa karibu siku moja, na huko kuna viwanda vikubwa vya kapasita za seramiki. Mbunifu aliyekuwa amechora nafasi ya ukubwa mmoja tu alikwama, wakati aliyeacha miguu ya bodi ikipokea saizi mbili, 0603 na 0805, aliendelea na kazi. Kwa regyuleta, mosfeti na op-ampu fanya hivyo hivyo: kwenye orodha yako andika namba ya kwanza, kisha mbili mbadala zenye mpangilio ule ule wa miguu, ukiwa umeshasoma datashiti zake. Kazi ya saa moja hiyo huokoa miezi.

Wasambazaji rasmi

Mouser wana ghala lao Mansfield, Texas, na Digi-Key liko Thief River Falls, Minnesota. Wote wawili waliendelea kufanya kazi wakati Marekani imefungwa, kwa kuhesabiwa huduma muhimu. Unanunua hata kipande kimoja, unajua kimetoka kiwandani moja kwa moja, na ukurasa wa spea unakuonyesha iliyopo na muda wa kusubiri ikiwa haipo. Kwa chipu ambayo ikifeli mashine nzima inafeli, lipa hapa. Bei ni ya juu, na moduli zilizounganishwa tayari ni chache, lakini hutahitaji kujiuliza ulichonunua ni nini.

Thamani yao ilionekana zaidi mwaka 2021, ugonjwa ulipokutana na mikosi mingine: baridi kali ya Februari iliyozima viwanda vya chipu Austin, Texas, kisha moto wa 19 Machi katika kiwanda cha Renesas huko Naka, Japani. Muda wa kusubiri mikrokontrola ulifika wiki 52 na zaidi. Mikrokontrola ya STM32F103C8T6, iliyozoeleka kwa dola chache, ilipita dola kumi kwenye soko huria, na nakala zikajaa zikiwa na maandishi ya mtengenezaji wake, ST, mgongoni. Ukiiunganisha na programa (kifaa cha kuandikia chipu) na OpenOCD, programu inayokiendesha, ikalalamika kwamba imepata utambulisho 0x2ba01477 badala ya 0x1ba01477, ulichoshika ni nakala, kwa kawaida CS32 au CKS32. Mara nyingi itafanya kazi, ila usiiuze kama ya ST. Na kumbuka kwamba namba sahihi peke yake si cheti. Ziko nakala zinazojibu vizuri.

Mawakala wa Guangzhou

Wafanyabiashara wa Kariakoo wanaijua njia hii kuliko wote. Unanunua, muuzaji anapeleka ghalani kwa wakala, wakala anaunganisha mizigo ya watu wengi, kwa ndege kwa kilo au kwa meli kwa ujazo. Kwa transfoma, nyaya, visanduku, paneli na betri za risasi haina mpinzani. Kwa chipu, hapana. Nyaraka zinakuwa kwa jina la mwingine, na kontena likizuiwa kwa sababu ya bidhaa ya mwenzako, wewe pia umezuiwa. Wakati wa mlipuko bandari nayo hufungwa bila taarifa: Yantian, bandari kubwa ya Shenzhen, ilifanya kazi nusu nusu kuanzia mwisho wa Mei 2021 hadi 24 Juni kwa sababu ya maambukizi, na mji mzima wa Shenzhen ulifungwa kwa wiki moja kuanzia 14 Machi 2022. Ukipita njia hii, dai picha mbili kutoka ghalani kwa wakala: boksi likiwa juu ya mizani, na alama ya mzigo wako ikisomeka.

Betri za lithiamu zina sheria yake. Zikisafiri peke yake haziruhusiwi kwenye ndege za abiria tangu 1 Aprili 2016, na kwenye ndege za mizigo chaji isizidi asilimia 30. Muuzaji anayekuambia atazificha ndani ya kifurushi cha posta anakuandalia mzigo utakaotaifishwa, na anahatarisha ndege. Nunua zilizokwishaingia nchini, na uzipime: seli ya 18650 ya kweli ina gramu 45 hivi na kwa kawaida haizidi mAh 3600. Iliyoandikwa 9900 ni uongo, mpe mwenyewe.

Forodha

Ankara yenye maneno "spea za elektroniki" tu, bila zaidi, ndiyo inayofunguliwa na kuwekwa kando, na watumishi wa forodha walipopunguzwa zamu, kando hapo palikuwa mbali sana. Mwombe muuzaji aandike kila aina, idadi, bei ya kimoja na msimbo wake wa forodha: 8532 kwa kapasita, 8533 kwa rezista, 8534 kwa bodi tupu za saketi, 8541 kwa diodi na transista, 8542 kwa IC, 8504 kwa pawasaplai na transfoma. Usikubali iandikwe zawadi au thamani ya uongo. Forodha wataipandisha kwa makadirio yao, na mzigo ukipotea utalipwa hiyo thamani ndogo uliyoiandika.

Moduli zinazorusha mawimbi, kama za GSM na LoRa, zinaweza kudaiwa idhini ya mamlaka ya mawasiliano, CA kwa Kenya na TCRA kwa Tanzania. Ziagize peke yake ili zisizuie mengine. Kwa Kenya, hesabu ya 2020 ilikuwa ada ya tamko la uingizaji ya asilimia 3.5 na tozo ya reli ya asilimia 2, kisha VAT iliyoshushwa hadi 14 kuanzia 1 Aprili na kurudi 16 tarehe 1 Januari 2021. Viwango hubadilika, kwa hiyo angalia vya mwaka wako kabla ya kumpa mteja bei.

Jina la bidhaa nalo lina uzito wake wakati wa mlipuko. Kuanzia 1 Aprili 2020 China ilitaka cheti cha usajili kwa barakoa, mashine za kupumulia na vipimajoto vya infraredi vinavyotoka nchini. Sensa ya MLX90614, ya kupima joto bila kugusa, ni spea. Muuzaji akiiandika kipimajoto, amejitakia kusimamishwa uwanja wa ndege.

Spea za msimu: hapa ndipo pesa zilipotea

MLX90614 na MAX30100 ndizo kila mtu alizitaka, moja ya kupima joto la mwili bila kugusa, nyingine ya kupima oksijeni kwenye damu. Bei zilipanda na ubora ukashuka, na wengi walinunua isiyofaa kwa kazi waliyokusudia.

Moduli ya bluu iitwayo GY-906 huja na MLX90614 ya toleo la BAA. Usahihi wake ni nusu digrii, na jicho lake lina pembe ya nyuzi 90. Pembe hiyo maana yake ni kwamba ukisimama sentimita 5 kutoka kwenye paji la uso, sensa inasoma duara la sentimita 10: uso, nywele, kofia na ukuta wa nyuma kwa pamoja. Haiwezi kutofautisha mwenye homa na aliyetoka juani. Inayofaa ni toleo la DCI, yenye pembe ya nyuzi 5 na usahihi wa digrii 0.2 kwenye joto la mwili, na hiyo inunuliwe kwa msambazaji rasmi. Kuweka BAA mlangoni mwa shule na kuiita kipimo cha homa ni kuwadanganya wazazi.

MAX30100 ina kasoro ya bodi yenyewe. Kwenye ile bodi iliyosambaa sana, rezista tatu za kilo-omu 4.7 zinavuta laini mbili za mawasiliano za I2C (SDA na SCL) na ile ya taarifa, INT, hadi volti 1.8, na Arduino ya volti 5 haiihesabu 1.8 kuwa juu. Matokeo yake programu inasema sensa haipo, na mnunuzi anafungua dai akidhani imekufa. Zitoe hizo rezista tatu kwa ncha nyembamba ya chuma cha kulehemu, kisha funga za nje za kilo-omu 4.7 kutoka SDA, SCL na INT hadi volti 3.3. Skana anwani: ikitokea 0x57, sensa yako ni nzima.

Kifurushi kimefika

Usikipulizie klorini wala kitakasa mikono. Utafiti wa maabara uliochapishwa Machi 2020 ulikuta kirusi kikidumu hadi saa 24 kwenye kadibodi na 72 kwenye plastiki, na mzigo wako umeshakaa njiani kuliko hapo. Tupa boksi la nje, nawa mikono, basi. Klorini hula shaba na miguu ya IC. Jeli ya mikono huacha gliserini inayoshika unyevu. Mvuke wa alkoholi peke yake huyumbisha sensa za unyevunyevu kama SHT31 na DHT22, zikaanza kusoma uongo bila kuonyesha dalili nyingine yoyote.

Pima siku hiyo hiyo, maana siku za dai zinakwenda. Kwa kila mfuko chukua vipande vitatu. Kapasita za elektroliti zipime uwezo na ESR (ukinzani wa ndani), na moduli za LM2596 za kushusha volti zipime kasi: ya kweli hukata mara 150,000 kwa sekunde, na nyingi za bandia huishia kama 50,000 na kuchemka chini ya mzigo. Rekodi video ya ufunguaji kwa ajili ya dai, ianze boksi likiwa bado limefungwa, lebo ikionekana.

Kuna vitu viwili usiviagize kabisa wakati wa mlipuko. Cha kwanza ni lehemu ya uji: hutunzwa kwenye friji kati ya nyuzi 2 na 10, na miezi mitatu katika ghala la Mombasa au Dar huiua, nunua waya wa lehemu. Cha pili ni IC nyeti kwa unyevu kutoka kwa muuzaji asiyefunga mfuko kwa vakyumu. IC za daraja la 3 la unyeti kwa unyevu zina saa 168 tu nje ya mfuko kabla ya kuingia kwenye tanuri la kulehemu. Ukifungua mfuko ukakuta kadi ya unyevu imegeuka waridi, zioke kwanza: nyuzi 125 kwa muda ulioandikwa kwenye mfuko, zikiwa kwenye trei ya chuma. Usizioke zikiwa bado kwenye mkanda wa plastiki, utayeyuka nazo.